Miezi mitatu ya ugali wa kahawia na mshipi bado unakataa. Nani alinidanganya?

#1 Baba_Tatu
Wadau, habari za jioni.

Mwezi wa pili tulipimwa kazini. Nikaambiwa sukari iko mpakani, uzito kilo 94, na nibadilishe chakula kabla sijaanza kubadilishiwa dawa. Nikabadilisha kweli. Unga mweupe nikaachana nao, nikahamia ule mchanganyiko wa wimbi, mtama na muhogo. Mkate mweupe ukatoka, ukaingia wa kahawia. Kwenye chai sukari nikaweka kando, nikatia asali. Mafuta ya kupima ya dukani nikayaacha, nikanunua chupa ya mafuta ya zeituni kwa bei ambayo siwezi kuiandika hapa kwa sababu mama watoto hupitia ukumbi huu.

Jana nimepanda mizani. Kilo 96.

Msimamo wangu ni huu: hivi vyakula vya kahawia ni biashara ya watu wa supamaketi. Anayebisha alete hoja, si matusi.

#2 Kimya_Kingi
Naweka kiti hapa mbele. Mwenye njugu alete.

#3 Nesi_wa_Usiku
Baba Tatu, asali ni sukari. Naanza hapo kwa sababu ndipo rahisi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kapu moja na sukari unayotia kwa kijiko na ile ya juisi, na linashauri zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa chakula kwa siku. Ukiweza kufika 5 ni bora zaidi.

Mafuta nayo, yawe ya zeituni, ya alizeti au ya mahindi, kijiko kimoja cha mezani ni karibu kalori 120. Ya zeituni ni rafiki wa moyo kuliko yale magumu ya mkebe, sikatai. Lakini mizani haijui lugha ya chupa. Wewe sukuma ya jioni unaitilia vijiko vingapi?

#4 Baba_Tatu
Kijiko? Mimi namimina mpaka sufuria ianze kuongea.

#5 Makanga_Mstaafu
Hahaha. Sufuria inaongea mpaka inahubiri.

#6 Mwana_wa_Mumias
Mnamsumbua mwenzetu bure. Babu yangu alikula ugali maisha yake yote, akafika miaka 91 na meno yake mdomoni. Ugali hauna kosa. Kosa ni kuuchanganya na vitu vya kuku.

#7 Fundi_wa_Mashine
@Mwana_wa_Mumias babu yako akiwa mtoto huenda alikula hivyo "vitu vya kuku" zaidi yako. Mahindi yalitawala meza za Kenya karne ya 20. Kabla ya hapo huko kwenu ilikuwa wimbi na mtama. Na pia, babu alikuwa analima kwa jembe, wewe unalima kwa kidole kwenye simu.

Sasa Baba Tatu, mimi nina mashine ya kusaga huku Kawangware mwaka wa tisa, kwa hivyo nitasema ninachokiona kwenye debe. Ukisikia "mchanganyiko", uliza kimechanganywa kwa kipimo gani. Wateja wengi wanaonijia huweka muhogo nusu nzima, kwa sababu ni rahisi na unafanya ugali uvute, unashikana vizuri mkononi. Wimbi unatiwa kiasi cha kuleta rangi tu. Na muhogo mkavu ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kidogo sana hata ukilinganisha na mahindi. Kwa hivyo inawezekana umetoka kwa unga mweupe ukaenda kwa unga dhaifu kuliko huo, uliovaa koti la kahawia.

Mimi nyumbani nasaga hivi: mahindi yasiyokobolewa kilo tatu, wimbi kilo moja. Muhogo hapana. Ugali wake haunyooki kama ule wa mkahawa, unapasuka pasuka kidogo, lakini ukila kipande unajua umekula.

#8 Baba_Tatu
Nimeenda jikoni kusoma pakiti sasa hivi. Imeandika muhogo wa kwanza. WA KWANZA.

#9 Nesi_wa_Usiku
Ndiyo, na viungo kwenye pakiti hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Soma na ya mkate ukiwa hapo hapo. Kama neno la kwanza ni unga wa ngano bila kusemwa kwamba ni wa ngano nzima, basi hiyo kahawia inaweza kuwa ya sukari iliyounguzwa.

#10 Baba_Tatu
Mkate uliisha asubuhi. Sina nguvu ya kuangalia pipa.

#11 Mama_Kamande
Habari zenu. Fundi amesema vizuri ila kuna upande ameruka. Unga wa mahindi wa pakiti hapa Kenya unatakiwa kisheria kuongezewa virutubisho tangu 2012: madini ya chuma, zinki, vitamini A, foliki na ndugu zake. Ule wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezewi chochote. Kwa hivyo ukihama mzima mzima unapata makapi na kiini, hayo ni mazuri, lakini unaacha vile vilivyoongezwa. Mimi na watoto tunapokezana, wiki hii wa pakiti, wiki ijayo wa mashine.

Na kwa habari ya kilo, jamani, gramu 100 za unga wa mahindi, mweupe au wa kahawia, ni kalori 350 na kitu. Tofauti iko kwenye makapi, yanashibisha na hayapandishi sukari kwa fujo. Lakini ukila mlima, ni mlima.

#12 Mutua_Muthokoi
Nyinyi mnasifu makapi kama hamkuwepo wakati wa ile sumu ya ukungu huku kwetu Ukambani 2005. Sumu ya aflatoksini hupenda kukaa ganda la nje na kwenye kiini. Ndiyo maana wazee wetu walikoboa mahindi wakala muthokoi. Mnatucheka lakini muthokoi ni sayansi.

#13 Mama_Kamande
Ilikuwa 2004, si 2005. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Walihesabiwa wagonjwa 317, wakafa 125. Siwezi kusahau, tulikuwa na jamaa huko.

Na uko sahihi, kukoboa hupunguza hiyo sumu. Ila haimalizi, na kupika hakuiui. Dawa yake ni mahindi kukaushwa sawasawa na kuhifadhiwa pakavu, kisha kuchambua, yale yaliyooza na yaliyobadilika rangi unatupa. Hasa usimpe kuku, utamla wewe baadaye.

#14 Mutua_Muthokoi
Asante kwa kunisahihisha mwaka. Kwa hivyo mnakubali muthokoi ni chakula bora. Nafunga hoja.

#15 Fundi_wa_Mashine
Hakuna aliyekubali hivyo. Umekoboa makapi yote, umebaki na wanga. Wewe na Baba Tatu ni kitu kimoja.

#16 Bi_Tui
Mashallah, watu wa bara mnaweza kuzozana kuhusu unga siku nzima na hakuna hata mmoja aliyetaja kitoweo. Mimi niko South C ila jiko langu ni la Mombasa. Kaka Baba Tatu, punguza ugali, ongeza kitoweo, ndiyo siri. Ndengu unazichemsha tu, haziombi kulowekwa usiku kucha kama maharagwe. Kaanga kitunguu kwa mafuta kijiko kimoja, tia thomu, tangawizi, nyanya, bizari ya manjano, kisha ndengu na tui. Ule na wali kikombe kimoja, si sinia.

#17 Nesi_wa_Usiku
Dada, tui lina mafuta yale yale tunayoyakimbia kwenye mkebe.

#18 Bi_Tui
Nani kasema kasimele? Mie natia tui la pili, lile jepesi, la kuonjesha tu. Kasimele ni la wageni. Na mkiondoa tui mtarudi kwenye vile vidonge vya mchuzi mnavyomumunyia chumvi. Hebu semeni chumvi ni kiasi gani, nesi.

#19 Nesi_wa_Usiku
Chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hiyo ni pamoja na iliyo kwenye mkate, kwenye vidonge na kwenye soseji. Umenipiga goli, nakubali. Tangawizi, dhania, hoho na ndimu vinafanya kazi ya kidonge. Siku tatu za kwanza unaona chakula kimepooza, halafu ulimi unazoea.

#20 Nyar_Omena
Naomba niseme yangu kidogo, si ya uzito ila ni ya kubadilisha chakula.

Nilipojifungua wa pili damu ilikuwa chini. Nikala mboga, managu, terere, ndengu, kila kitu cha kijani kilichokuwa sokoni Kangemi. Damu inapanda kwa kusuasua. Siku moja yule mama wa kliniki akaniuliza, chai unakunywa saa ngapi? Nikamwambia na chakula, kwani watu hunywa saa ngapi? Kumbe chai inazuia madini ya chuma ya mboga na maharagwe yasiingie mwilini. Nikaisogeza mbele saa moja baada ya kula, na kila mboga nikaikamulia limau juu ikishatoka motoni, kwa sababu vitamini C inayavuta hayo madini. Sikuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti. Miezi miwili baadaye damu ilikuwa sawa.

Na badala ya nyama ya kila Jumamosi tukaweka omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, mara mbili kwa wiki. Watu huziharibu kwa haraka. Mimi nazimwaga kwenye sinia kwanza nachambua, vijiwe na mchanga vinabaki chini. Nazitia maji moto dakika tano, nazisugua kwa viganja mpaka maji yawe meusi, namwaga, narudia mara tatu. Halafu nazikausha kwa sufuria kavu bila mafuta mpaka zianze kugonga chuma zikitikiswa, kale kasauti kama mchele mkavu. Hapo ndipo mafuta kijiko, kitunguu, nyanya nyingi, na limau mwisho. Zinaliwa na mifupa yake, na kalsiamu iko humo.

Sema sasa bei imepanda, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba uvuvi wake unafungwa ziwani.

#21 Kimya_Kingi
Nilikuja kucheka, nimeishia kuandika hii ya chai kwenye karatasi.

#22 Mwana_wa_Mumias
Na je, mtu akinywa chai SAA MOJA KABLA?

#23 Nyar_Omena
Kabla pia kidogo kuna nafasi, ila wewe nakujua, utakunywa kabla na baada.

#24 Jirani_wa_Gunia
Kuhusu mboga. Mama mboga akikukatia sukuma kisha ukafika nyumbani ukaiosha, angalia yale maji. Kijani kibichi. Hiyo ni vitamini inayoteremka bombani. Osha jani likiwa zima, kata baadaye, pika dakika chache. Na mrenda, wale wa kutia magadi, punguzeni, magadi yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini B1 na C, na ni chumvi nyingine ya mlango wa nyuma.

Mimi hupanda yangu kwenye magunia manne nje ya nyumba hapa Kibera. Sukuma pembeni kwenye matundu, vitunguu juu. Sijanunua mboga ya majani tangu Januari.

#25 Mwana_wa_Mumias
Mrenda bila magadi ni nyasi. Nitakufa na magadi yangu.

#26 Makanga_Mstaafu
Nyote mnaongea kama watu wanaofika nyumbani saa kumi na moja. Mtu anashuka Githurai saa tatu usiku, Thika Road imemtafuna saa mbili nzima, ndio aanze kuchambua omena? Ndio achemshe maharagwe? Anapita kwa mama anayeuza ya kuchemshwa, kikombe, anaenda. Na hayo nasikia wanatia panadol ili yaive haraka. Hapo afya iko wapi?

#27 Mama_Maharagwe_Zimma
Huyo mama ndiye mimi, mkubwa. Nimeona ulichoandika, na sijibu kwa hasira.

Nachemsha maharagwe na githeri Zimmerman kwa jiko la makaa. Kidonge kinagharimu pesa, kwa nini nikitie? Naloweka usiku, asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya. Maji ya kulowekea ndiyo yenye ile gesi inayowasumbua kwenye matatu. Saa mbili yameiva. Siwezi kuwasemea wengine, kuna wanaotia magadi, na mtu akiyala utajua, yana utelezi fulani na maganda yanavuka yote. Njoo ukae na mimi siku moja saa kumi na moja asubuhi, utapuliza moto.

Anayetaka ya kuiva haraka atafute Nyota, ni mbegu ya KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ina chuma na zinki zaidi ya kawaida na haisumbui tumbo sana. Wairimu nayo ni tamu lakini inakula makaa.

#28 Makanga_Mstaafu
Mama samahani. Nitakuja, lakini si saa kumi na moja.

#29 Bedsita_Boi
@Makanga njia yangu: Jumapili naloweka kilo moja, presha kuka dakika 25 hivi baada ya kuanza kupiga firimbi, nagawa kwenye mikebe sita ya aisikrimu. Kila siku ya kazi natoa mmoja. Dakika 15 chakula kiko tayari: nyanya, karoti, hoho, mkebe, maji. Nusu avokado pembeni, na siku hiyo mafuta ya kupikia sitii kabisa.

Shida ni moja tu. Kila mgeni anafungua friza akidhani kuna aisikrimu.

#30 Kimya_Kingi
Hakuna Mkenya aliyewahi kukuta aisikrimu kwenye mkebe wa aisikrimu.

#31 Njeri_Ngwaci
Kwa kiamsha kinywa, mandazi mnabadilisha na ngwaci na nduma, hilo mnalijua. Lakini tafuteni viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vile vyeupe havina vitamini A ya maana. Mmoja wa waliovisambaza Afrika, Jan Low, kituo chake cha kazi kilikuwa hapa hapa Nairobi, na 2016 yeye na wenzake watatu walipata Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Mimi navichemsha, naviponda, nakanda na unga wa chapati wa ngano nzima, nusu kwa nusu. Maji situmii, kiazi kina maji yake. Chapati inatoka ya manjano na laini hata kesho yake. Malenge pia yanakubali. Watoto wangu hawajui wanakula mboga na sina mpango wa kuwaambia. Mafuta kidogo yasikosekane, ile vitamini inahitaji mafuta ili iingie.

#32 Bi_Tui
Sasa mwaharibu. Chapati iacheni.

#33 Mama_Kamande
Turudi kwa mgonjwa wetu. Baba Tatu umenyamaza. Ugali wako unapika sufuria gani na mnakula wangapi?

#34 Baba_Tatu
Nipo, nasoma, naumia.

Tunakula watu wazima wawili na watoto watatu. Leo nimepima unga kwenye mizani ya duka la chini. Ule mweupe nilikuwa natumia gramu 700. Huu wa kahawia nimekuta natumia kilo moja kasoro kidogo. Sikujua. Nadhani nilikuwa naongeza kwa sababu moyoni nasema "hiki ni chakula cha afya".

#35 Nesi_wa_Usiku
Ahaa.

#36 Fundi_wa_Mashine
Si hivyo tu, huo mchanganyiko ukiwa na muhogo unadanganya mkono. Unavuta mapema, unauona haujafika, unaongeza.

#37 Jirani_wa_Gunia
Mimi bado nasema ni mafuta. Sufuria inayoongea si mchezo. Vijiko vinne ni karibu kalori 480 kabla hata sukuma haijaingia.

#38 Makanga_Mstaafu
Na mimi nauliza la kwangu. Tangu mvua ianze mwezi wa tatu, kutoka steji hadi nyumbani Umoja unatembea ama unapanda boda?

#39 Baba_Tatu
...boda.

#40 Makanga_Mstaafu
Mlikuwa mnashikana mashati na unga hapa.

#41 Mama_Kamande
Dakika 20 kwenda na kurudi si kilo mbili, Makanga. Labda nusu. Mimi kura yangu iko kwa mlima. Na tena, hajatuambia sukari ya damu imefika wapi. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaweza kuwa kimeshuka hata kama kilo zimepanda.

#42 Baba_Tatu
Napima Jumatatu. Nitarudi hapa hata kama ni aibu.

Kwa sasa swali la pesa: nina pakiti tatu za kilo mbili za huu unga wa muhogo wa kwanza, hazijafunguliwa. Nizifanyeje?

#43 Nyar_Omena
Uji. Koroga na maji vuguvugu, funika siku mbili mpaka uchachuke, pika. Uchachu unafungua madini yaliyoshikwa na makapi. Sukari usitie, ponda ndizi.

#44 Mwana_wa_Mumias
Niko Donholm. Nachukua zote kwa mia nne.

#45 Baba_Tatu
Si ulisema ni chakula cha kuku?

#46 Mwana_wa_Mumias
Nina kuku.

#47 Baba_Tatu
Mia sita, na uje uzibebe.

#48 Mwana_wa_Mumias
Mia tano na ile chupa ya zeituni.

#49 Mama_Watoto_Umoja
Chupa ipi?